Wali Wenye Antena

Kicheko cha kuazima humwacha mtu meno nje. Mmemsikia shangazi yenu akimrushia Hiza maneno hayo, sasa mnataka kujua nani aliyatamka kwanza. Basi kaeni. Yalianzia Korogwe, kwa fundi redio aliyeitwa Shekiondo.

Shekiondo alikuwa mtani. Ukimpelekea redio iliyokauka sauti, atakuuliza kama umeipa tangawizi. Mkewe alipofariki, binti yao Namkunda alichukuliwa na mama yake mdogo, Tanga. Miaka miwili baadaye akaja likizo, mdomo kaufunga kama duka mchana wa Ijumaa. "Shikamoo baba." "Nimeshiba baba." Basi. Na likizo ikiisha angechagua mwenyewe: abaki au arudi Tanga.

Kitu kimoja tu kilimfungua: katuni ya Kijapani aliyokuja nayo kwenye flashi. Kila alasiri aliitazama na Mwanaidi, mtoto wa jirani, wakacheka hadi kushika mbavu. Shekiondo akajiunga. Akaona jokofu limetawazwa kuwa mfalme. Akaona samaki kavaa tai, analalamikia mshahara.

"Kila mzaha hapa una babu yake kwenye katuni za zamani," Namkunda alimwambia. "Unawajua hao mababu, baba?"

"Ah, wote!"

Hakumjua hata mmoja. Lakini fundi mzima, anayefumua televisheni na kuirudisha, aulize habari za samaki? Akaona haya. Akawa anatega sikio: watoto wakicheka naye anacheka, tena kuwashinda, na machozi ya uongo anafuta. Siku ya tatu binti akamsogelea mkekani. Moyo wa baba ukatulia.

Siku ya tano, kwenye katuni, mlango wa yule mfalme jokofu ulifunguliwa. Ndani mlikuwa na bakuli la wali, vijiti viwili vya kulia vimechomekwa wima katikati. Shekiondo akaamua safari hii atangulie.

"Haa! Wali umewekewa antena! Unashika stesheni gani huo?"

Akapasua kicheko. Hakuna aliyemfuata. Kicheko kikaenda peke yake kidogo, kama pikipiki iliyozimwa mteremkoni, kikafa. Meno yakabaki nje. Ndipo akaona Namkunda analia.

"Baba, umecheka nini?"

"Si... vile vijiti, mwanangu."

"Kwao, wali wa hivyo huwekewa marehemu. Mama yake samaki amekufa. Siku zote walikuwa wanamficha samaki habari hiyo. Nilidhani unajua. Nilidhani ndiyo maana unakaa na mimi kuitazama."

Shekiondo akatazama vidole vyake vilivyounguzwa na chuma cha kulehemu.

"Sijaelewa kitu, Namkunda. Tangu siku ya kwanza. Nilikuwa naazima kicheko chenu. Leo wenyewe mmekichukua, mimi nimebaki meno nje."

Mwanaidi alicheka puani, maskini, hakuweza kujizuia. Namkunda hakucheka. Aliingia chumbani, na jioni hiyo hakula.

Kesho yake alasiri Shekiondo alijichimbia kwenye banda lake la kazi. Uso wa kuingia sebuleni hakuwa nao. Namkunda akaja kusimama mlangoni.

"Njoo, baba. Tunaanza upya. Lakini ukicheka, nitakuuliza sababu."

"Na nisipoelewa?"

"Si unauliza tu! Hata mimi kuna mababu siwajui."

Akaenda, akaketi, midomo kaibana. Samaki alipotokea tu, akauliza, "Hiyo tai ya nini?"

"Alishonewa na mama yake." Binti akamgeukia. "Wewe mama alikushonea nini?"

Shekiondo akageuza mfuko wa koti lake la kazi, akamwonyesha kiraka cha kitenge, nyuzi zake bado imara. Katuni ikaendelea bila mtazamaji.

Likizo ikaisha, begi la Tanga halikufungwa. Yale maneno Mwanaidi akayatembeza mji mzima, na Shekiondo, aliyemtania kila mtu, akawa anataniwa yeye.

Kwa hiyo Hiza, baba, tulipocheka jana nawe ukacheka kutushinda, shangazi yako hakukutukana. Uliza. Kicheko cha kuazima humwacha mtu meno nje.