Kapu la Karani

Siku ile, wapendwa, katika chumba cha usajili cha zahanati moja ya kijijini walikuwamo watu wanne: karani, daktari, fundi wa kompyuta, na mama aliyekuja kutafuta tarehe za chanjo za mwanawe. Wa tano alikuwa huyo mtoto mwenyewe, amelala mgongoni, hana habari.

Kadi ya mtoto ilikuwa imelowa mvua hadi ikawa kama uji. Tarehe zake zilibaki mahali pamoja tu, ndani ya kompyuta ya karani. Na siku hiyohiyo ndiyo kompyuta ilikuwa inabadilishwa mfumo.

Niseme kidogo juu ya huo mfumo, maana wengi wetu vitu hivi tunavisikia tu. Kompyuta haijiendeshi, ndani yake kuna mfumo unaoiendesha. Ule wa zahanati ulikuwa mfumo huria: watu waliutengeneza kwa kujitolea, wakautoa bure, na yeyote aliruhusiwa kuufungua, autazame, aurekebishe. Lakini watu hao walikuwa wameacha kuutunza. Fundi alikuja kumhamishia karani kwenye mfumo mwingine, huria vilevile, ambao bado una watunzaji.

Karani aliishia darasa la saba. Kwa miaka sita alikuwa ameijua ile kompyuta kama anavyolijua jiko lake, kitu hiki kiko kulia, kile kiko chini kushoto. Asubuhi hiyo aliogopa. Aliwaza, nikiushindwa huu mpya, kesho wataleta binti aliyesoma akae kwenye kiti changu.

"Kwani huo wa zamani ulikuwa mbovu, fundi?" daktari aliuliza, amesimama mlangoni.

"Hapana, daktari. Ulikuwa mzuri tu. Hata mimi nilianzia huohuo, nikahama kwa shida. Aliyenihamisha alinivumilia siku tatu nzima."

Karani akashusha pumzi.

Fundi akanakili kila alichokiona kimehifadhiwa. Vilikuwa vitu vichache, akashangaa kidogo. Kilichobaki ni kufuta kompyuta yote na kuweka mfumo mpya. Kidole kilikuwa tayari juu ya kibodi.

"Futa tu tumalize," daktari alisema. "Kina mama wanasubiri huko nje."

Mnadhani fundi alifanya nini? Kazi hiyo alikuwa ameifanya mara nyingi, na mkubwa wa pale alikuwa amemruhusu. Nani angemlaumu? Lakini aliondoa mkono, akainuka, akampisha karani kiti.

"Mama, kaa kwanza. Nionyeshe kazi ya jana uliifanyaje. Taratibu tu, sina haraka."

Karani akakaa. Akapeleka kishale chini kushoto, kwenye picha ya kapu, akalifungua. Yakatokea majina ya watoto, mamia kwa mamia, kila mtoto na tarehe zake.

Daktari akaangua kicheko. "Mungu wangu! Dada, hilo ni kapu la takataka, la vitu vilivyofutwa! Miaka sita unawatupa watoto wetu jalalani?"

Uso wa karani ukawaka moto. Kwao kapu halikuwa la takataka. Kapu la mama yake lilikaa juu ya kabati, na ndani yake mlikuwa na kanga za harusi na vyeti vya ubatizo, vitu ambavyo nyumba ikishika moto unaviokoa kwanza. Alipoiona picha ile siku yake ya kwanza kazini, hakuwa na wa kumuuliza.

Fundi hakucheka. Alikuwa amekikodolea macho kioo.

"Usimcheke, daktari. Yeye amewatunza, hajapotea hata mmoja. Mimi mtaalamu ndiye niliyekuwa nakwenda kuwamwaga. Ilibaki kubonyeza tu."

Kicheko cha daktari kikakatika.

Fundi akawanakili watoto wote. Mfumo mpya ulipokaa sawa, akatengeneza mahali pa kuwahifadhia, akapabandika picha ya kapu, palepale chini kushoto. "Humu hakimwagwi kitu," alimwambia karani. "Lile la takataka nimelipeleka juu kabisa, upande wa pili, lisikuchanganye."

Ndugu zangu, sisi ni nani katika chumba kile? Tunapenda sana kuhamisha watu. Mkwe akiingia nyumbani tunamwambia, acha ya kwenu. Mgeni akija kanisani kutoka kwingine, hajakaa hata kwenye benchi, tumeshamfutia nyimbo zake na namna yake ya kupiga magoti. Huko tunakompeleka ni kwema, sibishi. Lakini ni nani kati yetu amewahi kumpisha kiti akamwambia, nionyeshe? Vile tulivyoviita takataka, je, tulivifungua tukaona ndani mna watoto wa nani? Tumezoea kuogopa ujinga wa mgeni. Leo tukitoka hapa, tuogope kidole chetu wenyewe.

Jina la yule mtoto lilipatikana. Alikuwa amebakiza sindano moja, akachomwa siku hiyohiyo, akalia sana, mama yake akambembeleza hadi barabarani. Karani bado yuko kwenye kiti chake.