Meno Marefu ya Bwana Chui

Zamani hizo za kale, kabla babu wa babu yangu hajaota jino la kwanza, Bwana Chui alitawala majabali ya pimbi. Sogeeni, wanangu, ila hadithi yenyewe si tamu.

Utawala wake ulikuwa huu: kila mwezi ukiandama, nyumba moja ya pimbi inampelekea mtoto. Ukikataa, anakuja mwenyewe na kula nyumba nzima. Bi Pimbi, aliyekuwa akimkatia Chui miswaki, alikuwa na watoto wawili, Shebe na Kidawa, na zamu yake ilikuwa inakaribia.

Asubuhi moja akampelekea mswaki kama kawaida. Chui akasugua, akatema mate, ptu! Mekundu. Jitu lile zima likaanza kutetemeka.

"Bi Pimbi, ndiyo nakufa?"

Bi Pimbi akachungulia kinywani. Ukoga wa njano umegandamana chini ya meno, nyama ya juzi imekwama katikati, fizi zimevimba. Dawa yake aliijua: kusugua taratibu kila siku mpaka kwenye fizi, na kuyatoa yale mabaki. Damu ingekatika. Aliijua vizuri sana, akainyamazia.

"Hufi, Bwana. Mswaki ndio unaokuchubua. Uache, fizi zipumzike."

Chui akaamini, mjinga yule. Akautupa mswaki, na kwa kuwa hasugui tena, damu hakuiona ila kidogo kwenye mifupa aliyoitafuna. Akamsifu Bi Pimbi mbele ya wanyama wote.

Lakini ukoga hauna haraka. Mwezi ukaandama na meno ya Chui bado imara. Bi Pimbi alimpeleka Shebe mwenyewe, kamshika mkono, akarudi peke yake. Uchungu ulimkata maini, na hata hivyo kesho yake alikwenda kumwamkia Chui huku anatabasamu, asije akashtukiwa.

Zamu ikazunguka, vilio vikahama mlango hadi mlango. Kinywa cha Chui kikawa kinanuka hata nzi wanamfuata. Fizi zikasinyaa, zikayaachia meno. Siku moja akajitazama majini, akamwita Bi Pimbi amweleze mbona meno yamerefuka.

"Yanakua, Bwana. Ndiyo ukubwa huo."

Basi akawa anatembea kifua mbele, anamkenulia kila anayepita.

Zamu ikarudi kwa Bi Pimbi, naye akampeleka Kidawa. Chui akamrukia Kidawa, akamng'ata begani, krak! Alipojivuta nyuma, meno yake ya mbele yalibaki begani mwa mtoto. Kidawa akapiga yowe, mama akamnyakua. Chui akajaribu kumng'ata mama, na yaliyobaki yakapukutika mchangani.

Hakuna aliyehitaji kumpiga. Alilala pale na njaa yake, akikonda, mpaka siku Bi Pimbi alipokwenda kumtazama.

"Mbona hayakuuma?" Chui akanong'ona. "Yangeuma ningejua."

"Maradhi ya fizi yanaanza bila kuuma, Bwana. Ndiyo maana nilikuacha uyafuge. Ungesugua taratibu na mswaki ule ule niliokuletea, ungepona."

Chui akafa. Majirani wakapiga vigelegele, lakini Bi Pimbi hakuweza. Alikaa mlangoni na Kidawa, anamwosha kidonda, na siku ile nzima alikuwa akilitaja jina la Shebe.

Basi, wanangu, fizi zikitoka damu usiutupe mswaki, sugua taratibu kila siku, maana kinachooza bila kuuma kitakumaliza ungali unajisifu.