Betri ya Chumba cha Nne

Wapendwa, kulikuwa na baba mmoja mwenye nyumba ya kupangisha, vyumba sita vinavyotazamana na bomba moja uani. Katika mji wake, sheria ilitaka kila chumba cha mpangaji kiwe na kengele ya moshi darini. Baba huyu hakuwa mkaidi. Alinunua sita, akapanda ngazi mwenyewe, akazifunga. Mkaguzi akaja, akahesabu, akampa cheti, nacho kikatiwa kwenye fremu.

Miezi ikapita. Asubuhi moja chumba cha nne kikalia: pii. Kimya. Halafu tena: pii! Mle aliishi mama mwenye mtoto mchanga. Akainama chini ya kitanda, hakuna kitu. Jirani akasema ni nyenje. Mwingine akasema, "Kuna simu imesahaulika humo." Wakatoa vyombo vyote nje, wakatega masikio hadi kwenye masufuria. Mnacheka? Ninyi mngetafuta wapi?

Mwenye nyumba akaitwa. Akatazama juu.

"Mama, ni hii kengele tu. Inakusumbua bure."

"Kwani inasema nini, baba?"

"Haisemi kitu. Ngoja niinyamazishe."

Akatoa betri. Mtoto akalala, watu wakashukuru. Naye, kwa kuwa hapendi kupoteza kitu, akaitia betri ile kwenye saa yake ya ukutani iliyokuwa imesimama. Ikaanza kwenda.

Kumbe kile kidude kilikuwa kinaomba betri mpya!

Wiki iliyofuata, mchana, mama alijilaza na mwanawe. Waya wa pasi ukashika moto, moto ukarukia pazia. Kengele ilikuwepo darini, safi kabisa, wala haikulia. Majirani walivunja mlango, wakamtoa mama akiwa hai. Mtoto hakupona. Naumia kulisema hili.

Mkaguzi akauliza, "Moto ulianza saa ngapi?" Mwenye nyumba akainua macho kwenye saa yake. Akaishusha ukutani, akaitoa ile betri.

Ndugu zangu, sheria ilitaka awe na kengele, naye alikuwa nayo. Na sisi je? Biblia tunazo, misalaba tumetundika. Lakini mke akisema, "Baba fulani, pombe imezidi," tunamfanyaje? Mtoto akiuliza mbona siku hizi hatusali pamoja?

Leo ukifika nyumbani, mtu akakuambia neno la kukuudhi, usikimbilie kutoa betri. Vuta kiti, ukae, umuulize kama alivyouliza yule mama: unasema nini?