Kamba ya Mtamba wa Mwandulu

Hapo zamani, na msinikunjie uso, si zamani ile ya sungura kuvaa kanzu. Nasema zamani ya juzijuzi, baiskeli zimeshaingia vijijini na kila mwanamume mwenye kengele kwenye usukani anajiona bingwa. Palikuwa na kijiji kinaitwa Mwandulu, kule Usukumani kwenye udongo mweusi. Udongo ule mnaujua? Kiangazi ni vumbi, unapiga chafya mpaka meno yanacheza. Idondoke mvua ya kwanza ya vuli, unageuka ulimbo. Gurudumu linagoma, baiskeli inatundikwa darini, na watu wanachukua majembe.

Basi kila mwaka, kiangazi kikianza kuaga na mawingu kuchungulia, Mwandulu walikimbia mbio za kufunga vumbi. Zawadi ni mtamba mmoja, hajazaa bado, ngozi inang'aa. Nyumba moja, baiskeli moja, watu watatu. Wa kwanza anaendesha peke yake kutoka mnadani mpaka mashine ya kusaga. Wa pili anampakia yule wa kwanza kwenye keria mpaka kisimani, ili asije akasema alishinda peke yake. Wa tatu anatoka kisimani na ndoo ya maji kichwani, isiyo na kifuniko, mpaka kwenye zizi la kijiji alipofungwa mtamba. Akifika na baiskeli yake na ndoo yake, mtamba anywe maji yale. Asipokunywa, hujashinda, nenda kalale.

Halafu ipo kamba. Kamba ya mtamba hupokewa na mkono mmoja tu. Mwenye mkono ndiye mwenye ng'ombe, yeye ndiye atakayesema auzwe au akamwe. Na jua likizama kamba haijapokewa, mtamba anarudi kwenye kundi la kijiji mpaka mwakani. Mshika kamba alikuwa Mzee Luhende, mtu asiyecheka ovyo.

Sasa sikilizeni nyumba ya Gindu. Ukame wa mwaka uliopita uliwamalizia ng'ombe wote. Msukuma bila ng'ombe! Zizi lilibaki, limeota majani, na mama yake Gindu, Bibi Milembe, bado aliamka kila asubuhi akalifagia mlango. Mkewe Gindu, Holo, alimwambia, "Mama, unamfagilia nani?" Bibi akajibu, "Namfagilia atakayekuja." Basi nyumba ile walimtaka mtamba kuliko nyumba zote, na wakaingia mbioni Gindu, Holo na binti yao Minza.

Kipenga kikalia. Gindu huyo! Shati jipya jeupe, kola imesimama. Miguu alijaliwa, tusimnyime haki yake. Kufika nusu ya njia amewaacha wote, nyuma yake ni vumbi na matusi. Angenyoosha njia, hadithi ingeishia hapa na ningeenda kula. Lakini Gindu akakumbuka kuwa upande wa pili wa shamba la mihogo ndipo wanapokaa wakweze. Akasema moyoni, nipite hapo wanione. Akakata shambani, akapiga kengele, akaachia usukani, akapunga mikono yote miwili. Wakweze wakashangilia. Mbigiri nazo zilikuwa hapohapo, zikamshangilia kwa namna yao. Pssss.

Akafika kwenye mashine ya kusaga anaburuza baiskeli, tairi la nyuma limelala. Wenzake wanampita mmoja mmoja.

"Mama Minza, kiraka!" akapiga kelele. "Kata ile tyubu ya akiba!"

Holo akatazama chini. Tyubu ya akiba alikwisha kuikata vipande vipande zamani, akafungia kuni.

"Uliifungia kuni!"

"Ulitaka nifungie nini, ulimi wako?"

Watu wakaangua kicheko. Lakini Holo si mwanamke wa kusimama. Akalitoa tairi, akazoa majani makavu, akayashindilia ndani. Hayakutosha. Akatazama huku, akatazama kule, akamtazama mumewe.

"Vua shati."

"Shati gani?"

"Hilo linalopunga watu."

Na shati likaingia kwenye tairi, kola na vifungo vyote. Gindu akapanda keria kifua wazi, na Holo akakanyaga. Jamani, mnajua kumpakia mume mzima kwenye tairi la majani? Kila pedeli ni kama kutwanga. Na yule bwana nyuma hakunyamaza. "Kata kushoto! Kanyaga! Unalala?" Holo akasema, "Baba Minza, ukisema neno jingine nakushusha kwa kifua chako hicho." Gindu akafyata ulimi. Wakafika kisimani wa mwisho kabisa, lakini wakafika.

Minza akatwaa baiskeli, akaweka ngata, akajitwika ndoo. Msichana yule shingo yake haikutikisika. Alimpita mmoja, akampita wa pili, ndoo imetulia tuli. Kwenye mti wa mkwaju alikuwa amesimama kijana anaitwa Shija, hodari wa kupiga mluzi. Akapiga. Na Minza, aliyepita mashimo bila kutikisika, akageuza shingo kidogo tu, kidogo hivi.

Maji yote chini.

Na sheria inasema kisimani harudi mtu. Minza akaiokota ndoo tupu, akaitia kichwani, akaendelea akilia kwa sauti, maana alimkumbuka bibi yake na ufagio wake. Aliona aibu mpaka masikio yakawaka.

Ndipo mvua ikadondoka. Vuli yenyewe, matone mazito. Punde tu udongo ukaanza kazi yake. Magurudumu yakavaa matope, yakanenepa, yakagoma. Walio mbele wote wakakwama, baiskeli zimesimama, ndoo kichwani zimejaa pomoni. Kuibeba baiskeli begani ni lazima uiname, na ukiinama na ndoo iliyojaa, maji kwaheri; ukiitua, nani atakutwika tena na baiskeli begani? Wakabaki wima kama nguzo za uzio, wanaangaliana.

Nani aliyekuwa na ndoo tupu? Minza akaishusha, akainama, akaibeba baiskeli begani, akairudisha ndoo kichwani, akatembea. Akawapita wote kwa miguu huku mvua ikimjazia. Alipofika zizini, ndooni mlikuwa na maji ya kunawia uso, si zaidi. Lakini sheria ilisema maji, haikusema mangapi.

Mzee Luhende akasema, "Baiskeli ipo. Ndoo ipo. Maji yapo. Mnyweshe."

Mtamba akanusa, akageuza kichwa. Mvua inanyesha, ana baridi, maji ya nini? Wakambembeleza, wapi. Gindu na Holo walikuwa wamefika wanahema, na huko nyuma wengine wameanza kujikwamua. Minza akafumba macho.

Bibi Milembe, aliyekuwa akiwangoja hapo zizini, akajikongoja mpaka kwenye ndoo. "Nisogezeeni, ninawe mkono, una tumbaku." Akauchovya, akauzungusha taratibu, akaupangusa kwenye pua ya mtamba. Sasa bibi mla tumbaku, kwenye fundo la khanga hakosi nini? Magadi! Na ng'ombe kwa chumvi ya magadi humwambii kitu. Mtamba akalamba pua, akaingiza mdomo wote, akanywa mpaka ndoo ikakwaruza.

"Kanywa!" watu wakapiga vigelegele.

Mzee Luhende akamtazama Bibi, akautazama ule mkono, akatazama angani. Akasema, "Nyumba ya Gindu imeshinda. Leteni mkono mmoja."

Ikaja mikono minne.

Gindu akasema, "Baiskeli yangu, shati langu. Nisingepita kwa wakwe tusingekuwa nyuma, tusingekuwa nyuma Minza angekwama na wenzake! Nipeni, nimbadilishe kwa baiskeli mpya, mwakani tushinde wawili."

Holo akasema, "Shati lako lingebaki kupunga watu kama si akili yangu. Nimekanyaga nikiwa nimebeba tairi la majani na mume wa maneno. Nipeni mimi, watoto wanywe maziwa."

Minza akasema, "Nani kabeba baiskeli? Bega hili hapa, tazameni. Na ndoo isingemwagika nisingeinama. Nipeni, niwe na changu, nisije nikaolewa mikono mitupu."

"Shija naye apewe mkia," akasema mtu kwenye umati. Minza akainamisha uso.

Bibi Milembe akasema, "Mmekimbia, mmepasua, mmemwaga. Kama si mkono wangu mngerudi nyumbani na ndoo ya matope. Mimi nataka nimsikie ng'ombe akicheua nje ya ukuta wangu kabla sijafa. Basi."

Wakabishana, mvua inanyesha, jua linateremka nyuma ya mawingu. Mzee Luhende akaizungusha kamba kwenye kiganja chake. "Jua linakwenda," akasema. "Mimi sikati kesi ya watu wa nyumba moja. Kila mtu ataje jina. Jina lisiwe lake. Atakayetajwa zaidi, huyo."



Gindu akamtazama mama yake na ule mgongo uliopinda kwa ufagio. "Namtaja mama yangu," akasema.

Bibi Milembe akatikisa kichwa. "Mimi wa jana huyu? Ng'ombe atakaa kuliko mimi. Minza apewe, ndiye aliyebeba chuma begani."

Minza akafuta uso. "Namtaja mama. Mimi nilimwaga kisa mluzi. Yeye alinifikishia baiskeli."

Wote wakamgeukia Holo. Sasa yote ni yake. Amtaje Minza au amtaje mama mkwe, na kesi imekwisha. Holo akafungua mdomo. Akamwona mumewe pembeni, kifua wazi, anatetemeka, kola nyeupe inachungulia kwenye tairi, na mtu yule, kwa mara ya kwanza siku nzima, hasemi neno.

"Lo!" akasema Holo. "Tazameni hiki kitu. Ninamtaja Baba Minza. Hana hata shati."

Watu wakacheka mpaka wakashikana mabega. Mzee Luhende hakucheka. Akahesabu vidole: Bibi moja, Minza moja, Holo moja, Gindu moja. Akaliangalia jua, limebaki ukucha chini ya mawingu. Mtamba akacheua, na Bibi Milembe aliposikia mcheuo ule akafumba macho akatabasamu.

Haya. Mzee Luhende amechoka na mkono wake umelowa. Anawageukia ninyi mnaocheka, ananyoosha kamba. Jua halingoji, na mlango wa zizi kwa Gindu umefagiliwa.

Je, kati ya hawa wanne, nani alistahili kamba? Semeni upesi!