Mla Jua Hafunikwi Kanga

Mla jua hafunikwi kanga.

Mlinisikia asubuhi nikimwambia hivyo mama Kheri, alipokuwa akimkatalia mwanawe kwenda kambi ya mpira wa wavu eti atakonda, nanyi mkaangua kicheko na kuniandama hadi hapa kibarazani: Babu, jua linaliwaje, na kanga imetokea wapi? Haya, kaeni. Wewe mwenye redio, ipunguze sauti. Watu wengi hudhani methali hii ni ya zama za mababu. Thubutu! Nilikuwa na mvi tele kichwani na yenyewe bado haijazaliwa. Imezaliwa juzi juzi tu, pembeni mwa mji wa Singida, uani kwa Bi Sikudhani, na aliyeileta duniani ni gari.

Bi Sikudhani alikuwa mjane wa marehemu Iddi Njiku, dereva wa malori. Iddi aliendesha malori ya watu miaka kumi na tisa, akila vumbi la Manyoni na kukwama kwenye tope la Kigoma, kabla hajapata gari lake mwenyewe: dogo, la samawati, limeshapitia mikono ya watu watatu, na mlango mmoja wa nyuma haufunguki ila uupige kwa kiwiko. Siku alipolileta nyumbani alimbeba bintiye Salima, wakati huo ana miaka sita, akamkalisha kiti cha nyuma. Akamwambia, "Siku ya kuolewa, mwanangu, utatoka nyumba hii umekaa hapa hapa." Miaka ikapita, Iddi akatangulia mbele ya haki. Gari likabaki uani, na ahadi ikabaki ndani ya gari.

Sasa, Bi Sikudhani alikuwa na ugonjwa mmoja: kufunika. Redio ilikuwa na kitambaa chake cha kufuma, televisheni chake, friji chake chenye pindo la maua. Makochi ya nyumba ile yalivaa kuliko watoto. Wifi yake Bi Chausiku, dada wa marehemu, aliyeishi naye ukuta kwa ukuta, hakuacha kumchokoza.

"Wifi, mimi kwako sikai sana. Naogopa nikisinzia nitaamka nimefumiwa."

"Kitu kisichofunikwa hakina mwenyewe," Bi Sikudhani humjibu. "Kaangalie meza yako ilivyoota vumbi. Ukipanda mtama unavuna."

Hata gari lilivikwa. Kwanza shuka jeupe, ili rangi isichubuke. Juu ya shuka, turubai, ili kuku wasilifanye kituo. Kila Ijumaa alilifunua, akalifuta, akalifunika tena. Kuliwasha? Hakujua kuliwasha. Mwenye kujua alikuwa mwanawe Shomari, aliyefanya kazi mgodini Geita na kuja nyumbani mara moja kwa miezi miwili au mitatu. Na kila akija, hadithi ni ile ile: betri imekufa. Gari lilikuwa limefungwa king'ora cha wezi, nacho king'ora kilikuwa kikinyonya betri taratibu, mchana na usiku, kama kupe. Shomari akifika, vijana wa mtaa wanaitwa, wanasukuma, gari linakohoa, linawaka, anazunguka nalo siku mbili, anaondoka, betri inakufa tena.

Ikafika posa ya Salima. Mchumba alikuwa Sefu, mkulima wa alizeti, kijana mpole. Lakini mjomba wake, Mzee Ntandu, alikuwa na ulimi usiolala. Wazee wa upande wa mume wakasema, kama ilivyo kawaida, kwamba siku ya harusi wataleta gari zuri la kumchukulia bibi harusi.

Bi Sikudhani akainua kidole. "Hapana. Mwanangu hatoki kwangu kwa gari la watu. Atatoka kwa gari la baba yake."

"Lile linalosukumwa?" akauliza Mzee Ntandu.

"Litawaka. Lisipowaka, mchukueni hata kwa mkokoteni!"

"Tumesikia," akasema Mzee Ntandu, akiwageukia wenzake. "Mashahidi mpo? Mkokoteni."

Watu wakacheka, Bi Sikudhani naye akacheka, lakini usiku ule usingizi ulimpita kando. Ahadi ya Iddi ilikuwa imegeuka ahadi yake yeye, tena mbele ya wakwe. Akampigia simu Shomari.

Shomari alikuja wiki ile ile, miezi miwili kabla ya harusi, na mkononi ana kitu kama sinia ya kahawa, cheusi, kinang'aa. Kilikuwa kipaneli cha sola. Alimwita fundi, wakaingiza betri mpya, kisha akakiweka kile kipaneli ndani ya gari, mbele, juu ya dashibodi, kioo cha mbele kikiwa juu yake, na waya wake ukapenya hadi kwenye betri. Palepale kataa kadogo ka kijani kakaanza kukonyeza.

"Unaona, mama? Hiki kinakula jua, kinailisha betri. King'ora kinachota, hiki kinajazia. Siku ya harusi ni ufunguo tu. Turubai na shuka nimevitia stoo, usivirudishe. Na hiki chenyewe usikiguse."

"Nikiguse nina wazimu?" akasema Bi Sikudhani.

Shomari akaaga. Nadhani basi lake lilikuwa halijatoka hata stendi.

Bi Sikudhani akatoka uani kulitazama gari. Lilikuwa uchi. Hakuwahi kuliona hivyo mchana kweupe, akaona haya kwa niaba yake. Lakini mwanawe amesema, basi, turubai halikurudi. Akachungulia kiooni. Kile kipaneli kilikuwa kimelala chini ya jua la Singida, jua lile linalokausha kanzu kabla hujamaliza kuianika. Akafungua mlango, akakipungia mkono kwa juu, asikiguse. Joto likampiga kiganja. Kitu kipya, cha watu, kinaungua! Na kale kataa kanakonyeza kila apitaye njiani, kama kanawaita wezi kwa majina.

Akaingia ndani, akatoa kanga yake mpya, nzito, ya buluu na nyeupe, yenye maneno HUSUDA ISITUFIKE. Akaikunja mara mbili, akakitandikia kipaneli kwa upole, kama anayemfunika mtoto mchanga. Kataa kakazimika.

"Eeh," akanong'ona. "Kamelala."

Na husuda kweli haikufika. Na jua nalo halikufika. Miezi miwili Bi Sikudhani aliamka, akachungulia kiooni, akaona kanga imetulia, moyo wake ukatulia nayo. Mtaani alitembea kifua mbele. Akikutana na Mzee Ntandu sokoni alimwuliza, "Mkokoteni umeshapata?" na kuondoka akicheka.

Siku ya harusi ikawadia. Shomari aliwasili usiku wa manane na basi, amechoka, akalala kama gogo. Asubuhi shughuli zikamzonga, akaenda msikitini, ndoa ikafungwa, akarudi mbio kuliandaa gari. Uani wanawake wamejaa, ngoma inapigwa, Salima yuko ndani anarekebishwa shela. Bi Sikudhani alisimama kando ya gari amejitanda vizuri, akisubiri mngurumo.

Shomari akaingiza ufunguo, akazungusha.

*Tik.*

Akazungusha tena. *Tik.* Mara ya tatu hata hiyo tik haikuja.

"Mama," akasema polepole, "kipaneli kiko wapi?"

"Si hicho hapo mbele yako? Kimelala."

"Kimelala?"

"Kilikuwa kinakonyeza ovyo, tena kimepata joto hadi nikakihurumia. Nikakifunika."

Shomari akaiinua kanga kwa vidole viwili. Kataa kadogo kakaanza kukonyeza palepale, bila kinyongo, kama mtu aliyeamshwa akaulizwa hali. "Tangu lini, mama?"

"Tangu siku ile."

"Mama! Nilikuambia usikiguse!"

"Wallahi sikukigusa! Nilikifunika kwa mbali."

"Mama, hiki jua ndicho chakula chake. Umekifunika, ukakilaza na njaa miezi miwili. King'ora nacho hakikufunga."

"Si ndiyo hako kameamka? Si tukangoje kidogo kale?"

"Haka hulisha aliye mzima, mama. Hakafufui maiti. Kuijaza betri hii ni siku kadhaa."

Bi Sikudhani akazunguka upande wa pili wa gari. Akafungua mlango wa nyuma, akakaa kwenye kile kiti alichokalishwa Salima akiwa na miaka sita, akaiweka kanga mapajani. Miaka yote ya kufuta, ya shuka na turubai, na siku moja tu ambayo gari lilitakiwa liwe gari, limekataa. Na aliyelikatalia ni mikono yake mwenyewe. Akajaribu kuufikiria uso wa Iddi, akauogopa.

Hapo ndipo mngurumo mzito ukasikika njiani, na vigelegele vya upande wa mume. Mzee Ntandu alikuwa juu ya trekta, amevaa kanzu na kofia, trekta limepambwa maua ya alizeti kuanzia taa hadi bomba la moshi, na tela nyuma limejaa mashangazi.

"Hodi wenyewe!" akapaza sauti. "Mkokoteni tumeukosa, punda wamesema harusi si yao. Tukaja na hili. Haya, gari la baba liko wapi, tulisikie likiimba?"

Bi Chausiku akamsogelea wifi yake, akamnong'oneza dirishani, "Sema fundi amechelewa. Sema limeibiwa mafuta. Sema lolote, mimi nitaapa."

Bi Sikudhani akamtazama. Ilikuwa rahisi. Binti angepanda tela, watu wangekula pilau, na uongo ungefunikwa vizuri, pindo kwa pindo. Kufunika alikujua kuliko wote. Akashuka garini, akainyanyua kanga juu kwa mikono miwili, kila mtu aione.

"Mzee Ntandu, na nyote mliofika. Mwanangu alileta kidude kinachokula jua, kiilishe betri. Mimi nikakionea huruma kisiungue. Nikakifunika kwa hii. Gari halikufa. Nimeliua mimi, kwa mapenzi."

Kisha Mzee Ntandu akacheka. Alicheka hadi kofia ikadondoka, akashuka kwenye trekta akicheka, akajifuta macho kwa mkono wa kanzu. "Shemeji! Umelivika jua kanga!" Tela zima likapasuka kwa kicheko, ua likafuata, hata Salima akasikika akicheka ndani ya shela, na mwishowe Bi Sikudhani mwenyewe akashika mbavu.

Mzee Ntandu alipopata pumzi akamwuliza Shomari, "Taa zinawaka?"

Shomari akajaribu. Zikawaka kwa mbali, rangi ya chai ya rangi.

"Basi roho bado ipo. Shemeji, wewe ulisema binti hatoki kwa gari la watu. Kama ungenidanganya, ningempakia kwenye tela na ningekucheka hadi kaburini. Lakini umesema kweli mbele ya wakwe, na neno la mama kama huyo halianguki mimi nikiwepo. Leteni kamba!"

Ililetwa kamba ya kufungia magunia ya alizeti, ikakunjwa mara nne, ikafungwa kati ya trekta na gari. Mlango wa nyuma ukapigwa kiwiko, ukafunguka. Salima akatolewa, akakaa pale pale alipoambiwa na baba yake kwamba atakaa, mama yake ubavuni. Shomari akashika usukani. Trekta likavuta.

Wakatoka getini hivyo, maua ya alizeti mbele, gari la samawati nyuma kama ndama anayemfuata mama yake, na wanawake wakitembea ubavuni kwa ngoma. Bi Chausiku, ambaye ulimi wake ulikuwa ukimwasha tangu asubuhi, ndiye aliyeanzisha:

"Mla jua hafunikwi kanga, wifi eeh!"

"Mla jua hafunikwi kanga!" wakaitikia.

Walipofika mbele ya mashine ya kukamulia alizeti, Shomari akatia gia ya pili, akaachia klachi. Gari likaruka, likakohoa, likatema moshi mweusi, likawaka. Likanguruma kama enzi za Iddi. Kamba ikafunguliwa, Shomari akalipita trekta akipiga honi, Mzee Ntandu akimrushia maua na matusi ya utani. Bi Sikudhani alimshika bintiye mkono na kulia bila kujifunika uso.

Jioni watoto waliuimba wimbo ule kila uchochoro. Wiki iliyofuata ulikuwa sokoni, bila ngoma, umebaki maneno tu. Mama akimficha mwanawe asionje shida, husikia: mla jua hafunikwi kanga. Fundi akimnyima mwanafunzi wake nyundo asijiumize kidole, husikia hayo hayo. Mwaka wa pili Salima alipopata nafasi ya kusomea uganga wa mifugo Morogoro, na majirani wakamshauri Sefu amzuie, mke mchanga hapelekwi mbali, aliyekuja kusimama mlangoni na kuwajibu alikuwa Bi Sikudhani. Hakutoa hotuba. Alisema maneno manne, akaenda kumsaidia binti kufunga sanduku.

Makochi yake bado amevalisha, msidhani. Mtu haachi ugonjwa wake wote kwa siku moja. Lakini aliujua mpaka: kuna kinachotunzwa kwa kufunikwa, na kuna kinachokufa kwa kufunikwa, na mapenzi yasiyoweza kuvipambanua hivyo viwili huua huku yakibembeleza.

Kwa hiyo Kheri akiruka na mpira chini ya jua, akirudi amekonda, amechubuka magoti na macho yanawaka, mama yake asilie. Hilo ndilo analokula. Na mla jua, wajukuu zangu, hafunikwi kanga.