Mama Aliyepotezewa Mtoto Kila Mwaka

Hii someni taratibu, kisha mrushieni yule rafiki yenu asiyejua kuacha kitu kikiwa bado kizuri. Kila mtu anaye mmoja.

Humu hamna mfalme. Kuna tajiri, na matajiri wa siku hizi ni wabaya kuliko wafalme, maana mfalme angalau alikuwa na washauri.

Tajiri huyo alikuwa na kampuni ya kutengeneza magemu, yale yanayochezwa kwenye simu na kwenye televisheni. Katika mafundi wake alikuwamo kijana mpole kutoka Muheza, jina lake Mbaruku. Siku moja Mbaruku akamletea gemu alilolibuni mwenyewe. Aliliita Mama wa Sokoni.

Lilikuwa gemu jepesi. Mama mmoja amepotelewa na mtoto siku ya gulio. Hana upanga wala bunduki, ana miguu yake na sauti yake. Unamwongoza akimbie katikati ya mikokoteni na matenga ya machungwa, na kuna kitufe kimoja tu, cha kumwita mtoto. Unaita, unasikiliza, unaita tena. Mwishoni kabisa, nyuma ya magunia, mtoto anaitika, mama anamkumbatia, na gemu linaisha.

Watu walilia. Wanaume wazima waliacha kucheza wakawapigia simu mama zao.

Mbaruku akaalikwa redioni, akaulizwa wazo lile alilitoa wapi. Akasema kweli: "Yule ni mama yangu mzazi, Bi Mwanahawa. Aliyepotea ni mimi. Alinitafuta soko zima mpaka sauti ikamkauka."

Basi Bi Mwanahawa akawa mtu wa kutajwa kwa heshima mtaani kwao. Alikuwa mjane, mwanawe yuko mbali, na furaha yake ilikuwa kuwalea watoto wa majirani waliokwenda kazini. Tangu zamani waliwaacha kwake, lakini sasa waliwaacha kwa kujivunia. "Mwache kwa Bi Mwanahawa," walisema. "Yule hata dunia ipinduke, mtoto atamtafuta."

Hapo ndipo mambo yangeishia, kama tajiri angekuwa na haya.

Mwaka uliofuata alimwita Mbaruku. "Tutoe sehemu ya pili."

"Sehemu ya pili ya nini, bosi? Mtoto ameshapatikana."

"Apotee tena."

Mtoto akapotea tena, safari hii stesheni ya treni. Watu wakanunua. Mwaka wa tatu akapotelea kwenye maonyesho ya wakulima. Wakanunua. Sehemu ya nne tajiri akaona mama anachosha kwa kuitaita, akakiondoa kitufe cha kuita na kumpa bunduki. Sehemu ya tano akampa pikipiki na bunduki ya pili, na watoto wakawa mapacha ili wapotee wawili kwa bei moja. Mama wa watu, aliyekuwa na khanga na sauti tu, sasa anaruka maghorofa huku analipua magari. Mimi nililiona lile gemu kwa macho yangu, na niliona aibu kana kwamba nimelitengeneza mimi.

Mbaruku naye nisimpambe. Mdomo alikuwa nao, ila kila mwaka aliutumia kusema ndiyo.

Wachezaji hawakulia tena. Walianza kucheka. "Huyu mama ni mzembe kweli," wakawa wanaandikiana. "Kila mwaka anapoteza mtoto, hajifunzi?" Wakambatiza jina: Mama Mpotezaji.

Utani huo ukafika Muheza. Mbuzi wa mtu akipotea, vijana wanasema, "Muulizeni Bi Mwanahawa, ndiye mwenye uzoefu." Akipita njiani na mtoto wa jirani mkononi, wanamwambia, "Mshike vizuri huyo, Mama Mpotezaji!" Yeye alicheka nao mwanzoni. Mtani hanuniwi.

Kisha asubuhi moja jirani yake, mama wa mtoto aliyekuwa akilelewa pale tangu ananyonya, alipita mbele ya mlango bila kusimama. Mtoto alikuwa mgongoni. "Leo nampeleka kwa shangazi yake," alisema akicheka kidogo. "Si unajua watu wanavyosema." Kesho yake hakumleta. Wa pili naye akaacha, halafu wa tatu. Hakuna aliyemwambia neno baya, walimwamkia vizuri tu, ila watoto wakaisha nyumbani, na ua ukawa kimya.

Bi Mwanahawa alimpigia mwanawe simu.

"Mbaruku, mwanangu, nikuulize. Mimi nilikupoteza mara ngapi?"

"Mara moja, mama."

"Na nilikupata?"

"Ulinipata, mama. Siku ile ile."

"Basi mbona mnanipotezea mtoto kila mwaka? Kiacheni kipumzike hicho. Nami nipumzike."

Maneno yale yalimchoma. Mbaruku akaenda moja kwa moja ofisini kwa tajiri, na kwa mara ya kwanza hakubisha hodi.

"Bosi, gemu hili lipumzike. Limeisha tangu lile la kwanza."

"Limeishaje na watu wananunua?"

"Wananunua kwa mazoea. Wenyewe wanalicheka."

"Wacheke, mradi wametoa hela. Wewe unajua kazi ya kubuni gemu jipya? Unaweza ukakosea. Hili lina jina tayari."

"Jina ni la mama yangu, bosi. Watu wamemkimbia kwa sababu ya gemu hili."

Tajiri akazungusha kiti chake. Kisha akatabasamu. "Sawa. Tunazindua sehemu ya sita mwezi ujao. Mlete mama yako apande jukwaani, amwite mtoto kama alivyomwita siku ile, watu wasikie sauti yenyewe. Akifanya hivyo, naliweka kando. Nakupa neno langu."

Mbaruku akampigia mama yake akilia kwa furaha. Bi Mwanahawa hakupenda, lakini alikubali. Kwake lile lilikuwa jambo la kuvumilia mara moja, kisha watoto warudi uani kwake.

Siku ya uzinduzi ukumbi ulijaa. Taa za rangi, muziki wa kupasua masikio, vijana wamevaa fulana zenye picha ya mama mwenye bunduki mbili. Bi Mwanahawa akapandishwa jukwaani na baibui lake jeusi, akapewa kipaza sauti. Mshereheshaji akapaza sauti, "Haya bibi, mwite mtoto!"

Bi Mwanahawa alikishika kipaza sauti kwa mikono miwili. Akawatazama wale vijana, akaitazama picha kubwa nyuma yake, ile inayosemekana ni yeye. Kisha akasema, taratibu, kama anayezungumza na watu wa nyumbani:

"Wanangu, mimi mtoto nilishampata. Yule pale, amekaa mstari wa mbele, ana ndevu. Nilimpata, nikamwogesha, nikampa uji, akalala. Nyinyi mnataka nimwite nani? Mtoto hajapotea. Mnampoteza nyinyi, kila mwaka, kisha mnaniita mimi mpotezaji. Naomba mtuache tupumzike."

Ukumbi ukawa kimya kama msikitini. Mbaruku aliinamisha kichwa akilia. Aliamini kwamba gemu limekwisha sasa, maana baada ya maneno yale nani angekuwa na moyo wa kuendelea?

Ndipo mtu mmoja nyuma akapiga makofi. Wa pili akafuata. Mara ukumbi mzima ulikuwa umesimama, wanapiga mbinja, wanapiga kelele, "Mama! Mama! Mama!" Simu zote zilikuwa juu zinarekodi. Walidhani ni mchezo. Walidhani ameandikiwa yale maneno na kampuni, na walisema hawajapata kuona tangazo tamu namna ile.

Tajiri alimkimbilia Mbaruku na kumkumbatia. "Umeona? Umewasikia? Hayo maneno tunayaweka mwanzo wa sehemu ya saba!"

"Bosi, ulinipa neno lako."

"Nilisema amwite mtoto. Amemwita? Na hata angemwita, ndugu yangu, kitu kinachoshangiliwa hivi nakisimamishaje?"

Mbaruku aliacha kazi pale pale, akamshika mama yake mkono wakatoka kwa mlango wa nyuma. Alichelewa. Jina la gemu na haki zake zote vilikuwa mali ya kampuni, na mafundi wengine walikuwapo.

Sehemu ya saba ikatoka. Inaanza na sauti ya Bi Mwanahawa ikisema, "Mtoto nilishampata," halafu mlipuko, halafu mtoto anapotea. Wiki ya kwanza watu walinunua. Wiki ya pili wakachoka, na walipochoka walichoka wote kwa pamoja, kama watu walioshiba chakula kimoja mpaka harufu yake ikawatia kichefuchefu. Magemu yalidoda madukani, yakagawiwa bure, na hata bure hayakuchukuliwa. Tajiri akawaambia waandishi wa habari, bila hata kupepesa jicho, kwamba kampuni imeamua kulipumzisha gemu hili kwa heshima ya wachezaji wake. Mwezi uliofuata alikuwa na gemu jingine, la mbio za magari, na sehemu yake ya pili ilikwishatangazwa.

Mbaruku alirudi Muheza kuishi na mama yake. Ua bado ni kimya. Juzi juzi walikwenda pamoja dukani kununua mchele, Mbaruku amebeba kapu nyuma ya mama yake. Muuza duka, kijana mgeni aliyemwona Bi Mwanahawa kwenye simu tu na asiyemjua mwanawe, akamtazama bibi akacheka.

"Shikamoo bibi. Leo mtoto umempoteza wapi?"

Bi Mwanahawa alifungua mdomo amwonyeshe mwanawe. Kisha akaufunga, akachukua mchele wake, akatoka. Mbaruku akamfuata na kapu, na kijana yule bado anacheka.

Funzo: Jambo likiisha vizuri, liache lipumzike watu wangali wanalitamani; maana ukilikamua mpaka lichokwe, wewe utahamia jingine, na aibu utamwachia mwenye nalo.