Mbio za Maji Chunguni

Paukwa!

Pakawa!

Sogeeni, wanangu, ila msiusogelee moto sana. Mkishasikia hii mtajua kwa nini. Hapo zamani za kale, hata bibi wa bibi yangu hajazaliwa, palikuwa na kijiji. Jina lake limepotea. Lililobaki ni jina la mtu mmoja, Bibi Mwanakombo, mtia rangi ukili wa mikeka, aliyepiga kayamba ngomani mpaka uzeeni.

Kijijini humo, kabla ya kupanda, watu walikuwa na chungu cha kusikiliza. Walikijaza maji, wakakiinjika mafigani, wakakifunika kwa jani la mgomba. Msichana mmoja alikaa kwenye kigoda kando yake, ametega sikio, awaambie watu mizimu inasema nini juu ya mvua. Alizungushiwa mstari wa majivu. Mama mtu haruhusiwi kuuvuka. Akiuvuka anafukuzwa, yeye na mwanawe, na nje ya kijiji hicho kulikuwa na kiu na simba.

Mwaka huo jua liliwaka, likawaka, likawaka. Mashamba yakapasuka. Jumbe Makame, mkubwa wa kijiji, akasema, "Mizimu inasema kwa sauti ndogo, ndiyo maana hatusikii. Leo, badala ya jani, chungu kitiwe kifuniko, kizibwe kwa udongo, kifungwe kwa kamba, na kuni ziwe nyingi." Watu wakaitikia. Na aliyekalishwa kigodani alikuwa Chausiku, binti pekee wa Sikudhani.

Sikudhani akasimama nyuma ya majivu pamoja na wanawake wenzake.

Chungu kikaanza. Tiki. Tiki. Tiki.

"Kinasema," watu wakanong'ona.

Kuni zikaongezwa. Tiki-tiki-tiki-tiki.

Kuni zikaongezwa tena. Ngu-ngu-ngu-ngu. Kifuniko kikatetemeka, kamba ikalia. Chausiku akamgeukia mama yake.

"Mama, kinanipiga sikio."

"Usiondoke hapo," akasema Jumbe. "Ukiondoka wewe, na mvua itaondoka."

Sikudhani alitaka kuita, asithubutu. Alikiogopa chungu. Alimwogopa Jumbe. Akaogopa zaidi macho ya watu waliolala na njaa siku nyingi, maana yalikuwa yanamtazama mwanawe kama chakula. Hapo akasikia mlio ubavuni pake. Chaka. Chaka. Alikuwa Bibi Mwanakombo na kayamba lake.

"Sikiliza hili," akasema Bibi. "Ndani mna mbegu. Nikitikisa taratibu, zinagusagusa tu. Nikitikisa kwa nguvu?" Chaka-chaka-chaka-chaka. "Zinapiga. Na mbegu ni zilezile, hakuna iliyoongezeka."

"Bibi, mwanangu yuko pale nawe unanichezea kayamba?"

"Habari za mwanao ndizo hizi ninazokupa. Maji nayo ni punje, ndogo mno, jicho haliwezi kuziona. Hazitulii hata kidogo. Nikidondosha rangi kwenye maji baridi, inatambaa polepole. Nikiidondosha kwenye maji ya moto, inaenea upesi, wala hakuna aliyekoroga. Nani amekoroga, mwanangu? Ni zenyewe, zinakimbia. Hilo joto tunalolihisi ndizo mbio za punje hizo. Maji yakiwa baridi zinatembea, yakiwa ya moto zinakwenda kasi, na moto ndio mkono unaotikisa. Siku zote jani la mgomba liliziachia pa kutokea. Leo zimefungiwa, na Jumbe bado anatikisa."

Sikudhani akakisikiliza chungu. Akalisikiliza kayamba. Ngu-ngu-ngu, chaka-chaka-chaka. Akaelewa, na kuelewa kukamtia hofu kubwa kuliko ile ya kwanza. Akayatazama majivu mbele ya vidole vyake.

"Nikivuka watatufukuza," akasema. "Nitampeleka wapi?"

Jumbe akasukuma gogo jingine mafigani. Ngu-ngu-ngu ikawa du-du-du-du. Udongo wa mdomoni ukaanza kufanya nyufa.

Bibi Mwanakombo akaliweka kayamba chini. Akavua kitambaa cha begani, akainama kwa shida, mkono mmoja kiunoni. Akafagia. Fwa, fwa, fwa. Majivu yakatimka, mstari ukafutika kuanzia miguuni pa Sikudhani mpaka kigodani.

"Wewe kikongwe, unafanya nini?" Jumbe akafoka.

"Nafagia," akasema Bibi. "Mstari haupo tena, kwa hiyo hakuna atakayeuvuka. Mkitaka kufukuza mtu, nifukuzeni mimi niliyeufuta. Nenda, Sikudhani."

Sikudhani akaenda. Alimbeba mwanawe kiunoni, akakimbia bila kutazama nyuma. Du-du-du-du-du. Watu nao wakaogopa, wakarudi nyuma, hata Jumbe.

PWAAA.

Mvuke ukafunika kila kitu. Ulipotawanyika, chungu hakikuwapo. Kigoda kilikuwapo, kimepasuka katikati, na kigae kikubwa kimezama humo, kimesimama wima pale alipokuwa amekaa mtoto. Jumbe akakaa chini mavumbini.

"Mama," Chausiku akauliza, "mizimu ilikuwa inasema nini?"

Sikudhani alikuwa analia. Akajibu Bibi. "Yalikuwa maji tu, mjukuu wangu. Yalitaka kutoka."

Hakuna aliyefukuzwa. Mvua ilikuja siku ilipotaka kuja. Desturi ya chungu cha kusikiliza iliendelea, kwa chungu kingine, lakini mdomo wazi, moto mdogo, na majivu hayakuchorwa tena. Hata Bibi Mwanakombo alipokufa, kile kigoda kilichopasuka hakikuchanjwa kuni. Kiliwekwa njiani, ili kila jumbe mpya akione apitapo.

Basi, wanangu, kitu kikigonga kwa nguvu ndani ya kifungo, msikiongezee moto mkidhani kinawapa baraka. Na desturi ikimzuia mama asimchukue mwanawe, tafuteni ufagio.

Mimi hadithi nimeitua hapa. Hebu wewe uliye karibu na jiko, vuta kuni moja nje. Nasikia kifuniko kinagonga.